Ukoma Hauli Vidole: Historia ya Ugonjwa wa Mishipa ya Fahamu

Mara nyingi tunazungumza juu ya malaria, kuhara na lishe, mambo ambayo kila nyumba inayajua. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanaujua kwa jina tu, na hata hilo jina wanalitaja kwa sauti ya chini. Ni ukoma. Wazee wa pwani waliuita matana.

Ukimuuliza mtu ukoma ni nini, atakwambia ni ugonjwa wa ngozi unaokula vidole na pua. Mwingine atasema ni laana, au ni ugonjwa wa ukoo fulani. Hayo yote si kweli. Ukoma ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na ulimwengu ulichukua muda mrefu sana kulielewa jambo hilo. Wakati ulimwengu ukiendelea kutoelewa, akina mama walinyang'anywa watoto wao wachanga, na watu walipoteza mikono ambayo ingeweza kuokolewa.

Kwanza tuelewane kuhusu hii mishipa. Sizungumzii mishipa ya damu. Fikiria ubongo na uti wa mgongo kuwa ni kituo kikuu cha stima. Kutoka hapo zinatoka nyaya nyembamba zinazofika kila pembe ya mwili, hadi kwenye ncha ya kidole cha mguu. Hizo ndizo mishipa ya fahamu ya pembeni, na wengine huziita neva. Kuna nyaya zinazoleta habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Kuna nyaya zinazopeleka amri: kunja mkono, fumba jicho. Na kuna zile zinazoamuru ngozi itoe jasho ili isikauke na kupasuka. Waya ukiharibika, mkono wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa lakini hauna habari.

Yanayoharibu mishipa hii ni mengi. Kisukari ndicho kinachoongoza siku hizi. Pombe nyingi ya miaka mingi nayo huiharibu, na vilevile ukosefu wa vitamini B1, virusi vya UKIMWI, na dawa nyingine. Ndiyo maana mtu anayepewa isoniazidi ya TB hupewa na vitamini B6, na mama usiitupe hiyo tembe ndogo ukidhani ni ya ziada. Hata sindano iliyodungwa mahali pasipofaa kwenye tako la mtoto inaweza kuugonga mshipa mkubwa na kumfanya aburute mguu. Lakini ugonjwa uliowafundisha madaktari zaidi kuhusu mkono usiosikia uchungu ni ukoma. Kwa hiyo tuufuate huo.

Historia yenyewe inatupeleka mahali usipopatarajia. Wengi hudhani ukoma ni wa Afrika na Asia peke yake, kumbe katika miaka ya 1800 nchi ya Norwe, kule kwenye baridi kaskazini mwa Ulaya, ilikuwa na maelfu ya wagonjwa. Wengi wao walikuwa wavuvi na wakulima maskini wa pwani ya magharibi. Mwaka wa 1856 serikali ilianza kuwaandikisha wagonjwa wote kwenye daftari moja la taifa. Hospitali zao zilikuwa katika mji wa Bergen, na daktari mashuhuri wa huko aliitwa Daniel Cornelius Danielssen. Yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walitoa kitabu kikubwa mwaka wa 1847. Humo walieleza kwamba kuna wagonjwa wanaoota vinundu, na kuna wengine ambao miili yao inakufa ganzi.

Danielssen aliamini kwamba ukoma hurithiwa. Alijidunga mwenyewe vitu vilivyotoka kwa wagonjwa, na kwa kuwa hakuugua, akaona amethibitisha maneno yake. Leo tunajua kwa nini hakuugua. Katika kila watu 100, zaidi ya 95 wana miili inayoweza kukishinda kijidudu cha ukoma bila dawa yoyote. Danielssen alikuwa mmoja wa hao walio wengi.

Aliyemkosoa alikuwa mkwe wake mwenyewe. Gerhard Armauer Hansen alikuwa kijana aliyemuoa binti ya Danielssen. Mwaka wa 1873 aliangalia kwa darubini vipande vya vinundu vya wagonjwa na kuona vijidudu vidogo vyenye umbo la vijiti. Akasema: hiki ndicho kinacholeta ukoma, na kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Kwa kusema hivyo aliliondoa neno laana na neno ukoo kwa pamoja, ingawa huku kwetu bado yanasikika.

Ilimbidi athibitishe, na kijidudu hicho kilikataa kuoteshwa maabarani. Hadi leo kinakataa. Basi mwaka wa 1879 Hansen alifanya jambo baya. Alichukua uchafu kutoka kwa mgonjwa mmoja na kuutia kwenye jicho la mwanamke mwingine aliyekuwa hospitalini, bila kumwomba ruhusa. Mwanamke huyo alilalamika, kesi ikafika mahakamani mwaka wa 1880, na Hansen akaondolewa kazini katika hospitali hiyo. Watu humsifu Hansen kila mwaka, na anastahili, lakini mimi nikisoma habari zake namkumbuka zaidi yule mgonjwa aliyediriki kumshtaki daktari. Mama, ukiwa hospitalini una haki ya kuuliza unafanyiwa nini na kwa nini.

Sasa utadhani habari ya kijidudu ilileta nafuu. Kwanza ilileta hofu. Mwaka wa 1897 wataalamu walikutana Berlin, Ujerumani, na kukubaliana kwamba wagonjwa watengwe. Mahali pengine walikuwa wameshaanza. Katika visiwa vya Hawaii sheria ya kuwatenga ilipitishwa mwaka wa 1865, na kuanzia mwaka uliofuata wagonjwa walipelekwa kwenye rasi ya Kalaupapa, katika kisiwa cha Molokai, yenye bahari pande tatu na majabali marefu upande wa nne. Watu wapatao 8,000 walipelekwa huko kwa miaka iliyofuata. Padri Damien kutoka Ubelgiji alienda kuishi nao mwaka wa 1873, akaambukizwa, na kufa mwaka wa 1889. Wanawake waliojifungua pale walichukuliwa watoto wao mara tu walipozaliwa. Japani nayo iliwafungia wagonjwa kwa sheria iliyoanza mwaka wa 1907, ikawafunga wengine kizazi, na sheria hiyo ya kuwatenga haikufutwa hadi mwaka wa 1996. Kumbuka kwamba kufikia wakati huo dawa ya kuponya ilikuwa imepatikana miaka mingi iliyopita.

Na huko kote kuwatenga, hakuna aliyekuwa ameuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: hivi vidole vinapotea vipi hasa? Vinaenda wapi?

Nitalijibu swali hilo, lakini acha kwanza niseme kuhusu dawa. Kwa miaka mingi wagonjwa walipewa mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra. Yalikuwa mazito, yakinywewa yanatapisha, yakidungwa yanavimbisha. Mnamo mwaka wa 1915 na 1916 huko Hawaii, msichana Mmarekani mweusi aliyeitwa Alice Ball alipata njia ya kuyafanya yadungwe vizuri. Alifariki mwaka huohuo wa 1916 akiwa na miaka 24, kabla hajasifiwa kwa kazi yake. Mafuta yale yaliwasaidia watu kidogo tu. Dawa ya kweli ilianza mwaka wa 1941 katika hospitali ya Carville, jimbo la Louisiana, Marekani, ambako Dkt. Guy Faget aliwadunga wagonjwa dawa ya Promin na vidonda vikaanza kufunga. Promin ilihitaji sindano za mara kwa mara. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Dkt. John Lowe, huko Uzuakoli nchini Nigeria, alionyesha kwamba ndugu yake Promin, dapsoni, inaweza kumezwa kama tembe kwa kiasi kidogo na kwa bei nafuu.

Hapo ndipo historia inapofika kwetu. Katika miaka ya 1950 kituo cha utafiti wa ukoma kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima kilijengwa Alupe, Busia, karibu kabisa na mpaka wa Uganda, na kikapewa jina la huyo John Lowe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka wa 1977, na baada ya KEMRI kuundwa mwaka wa 1979 kituo kikawa chake. Ukipita barabara ya Busia kwenda Malaba, ndipo hapo.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Teso nchini Uganda, kulifanyika jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Kuanzia mwaka wa 1960 Dkt. Kinnear Brown na wenzake waliwachanja watoto waliokuwa na jamaa wenye ukoma. Chanjo waliyotumia ilikuwa ni ileile ya kifua kikuu, yaani BCG, kwa sababu vijidudu vya magonjwa haya mawili ni kama ndugu. Walipowafuatilia, waliona kwamba watoto waliochanjwa walipata ukoma kwa uchache sana kuliko wale ambao hawakuchanjwa. Majaribio ya nchi nyingine yalionyesha kinga ndogo kidogo, lakini kinga ipo. Kile kovu kidogo kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wako, chanjo aliyopewa alipozaliwa, kinamlinda kwa yote mawili.

Dapsoni peke yake haikutosha. Mwaka wa 1964 ilithibitishwa huko Malaysia kwamba vijidudu vingine vimeizoea. Kwa hiyo mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza dawa zichanganywe: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Tangu mwaka wa 1995 dawa hizo hutolewa bure kote ulimwenguni.

Turudi sasa kwenye swali la vidole. Mwaka wa 1946 daktari wa upasuaji aliyeitwa Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India kwa wazazi wamishonari, alikwenda kufundisha Vellore, kusini mwa India. Mwaka uliofuata alitembelea hospitali ya wakoma ya Chingleput na kushikana mikono na wagonjwa. Aliona kwamba mkono uliopindika kama kucha za ndege bado una nguvu za kuminya sana. Mkono haukuwa umeoza. Misuli mingine ilikuwa imekosa amri kwa sababu mshipa wake umekufa, na mingine ilikuwa mizima. Akaanza kuihamisha kano za misuli mizima ili zifanye kazi ya ile iliyolala. Watu waliokuwa ombaomba wakaweza kushika kalamu na kijiko.

Lakini baada ya upasuaji wagonjwa walirudi na vidonda vipya. Brand aliamua kuchunguza kila kidonda kimetoka wapi. Siku moja alishindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mvulana mgonjwa akamwambia, niachie mimi, akauzungusha ufunguo kwa nguvu mpaka ukafunguka. Daktari akaona damu sakafuni. Ufunguo ulikuwa umemkata yule mtoto kidole hadi mfupani, na yeye hakuwa na habari. Wengine walichukua viazi kutoka kwenye makaa kwa mkono. Wengine walitembea siku nzima na msumari ndani ya kiatu. Na wengine waliamka asubuhi kipande cha kidole hakipo. Wenzao walipokesha kulinda usiku, waliona panya wakija kuwatafuna vidole waliolala. Asiyesikia uchungu haamki. Kuanzia hapo Brand aliagiza kila mgonjwa anayerudi nyumbani apewe paka.

Mama, soma tena hapo. Karne nyingi watu waliogopa kwamba ukoma unakula nyama. Kumbe kilichohitajika kilikuwa ni kitambaa cha kushikia sufuria, kiatu kisicho na msumari, na paka. Vidole haviozi vikaanguka. Vinaungua, vinakatwa, vinaingia usaha mara kwa mara, na mfupa wa ndani unafupika polepole mpaka kidole kinabaki kisiki. Kijidudu kinafanya kazi moja tu, kuua waya. Kazi nyingine zote zinafanywa na moto, kisu na msumari.

Kwa nini mikono, miguu na uso? Kijidudu cha ukoma kinapenda ubaridi, kwa hiyo hukaa kwenye ngozi na kwenye mishipa iliyo karibu na ngozi. Gusa nyuma ya kiwiko chako, upande wa ndani, pale ukijigonga unasikia kama umeme hadi kidole cha mwisho. Huo ni mmoja wao. Mwingine uko upande wa nje chini ya goti, mwingine kwenye kifundo cha mguu, na mwingine usoni ule unaofumba jicho. Ndiyo sababu mgonjwa anapindika vidole viwili vya mwisho, anakokota mguu, au analala jicho likiwa wazi.

Brand alihamia Carville mwaka wa 1966, na huko alikutana na vidonda vilevile kwa watu ambao hawajawahi kuugua ukoma. Walikuwa na kisukari. Mishipa ya miguu yao ilikuwa imekufa vivyo hivyo, wakawa wanatembea juu ya vidonda bila kujua hadi mguu unakatwa. Njia alizozitumia India, kufunga mguu plasta ili upumzike na kutengeneza viatu laini, zikawafaa na hao. Alifariki mwaka wa 2003. Basi ikiwa nyumbani kwako kuna nyanya au babu mwenye kisukari, mwangalie nyayo kila jioni, umvalishe viatu hata ndani ya nyumba, na upitishe mkono ndani ya kiatu kabla hajakivaa. Zile akala zetu ni imara, lakini misumari yake hutokeza, na mguu wenye ganzi hautakwambia.

Nimalizie na watoto. Tangu mwaka wa 1989 Kenya imehesabiwa kuwa na wagonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Hiyo ni habari njema yenye hasara ndani yake, kwa sababu ugonjwa ukiwa haba hata sisi wahudumu wa afya tunausahau. Wagonjwa wapya bado wanapatikana kila mwaka, zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wengine wanatibiwa mashilingi kwa miezi mingi kabla mtu hajafikiria ukoma. Kijidudu husafiri polepole, kwa hewa ya pua na mdomo wa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, na kwa kuishi naye karibu muda mrefu. Kumsalimia kwa mkono hakukuambukizi. Kikiingia kinaweza kukaa miaka 5, hata 20, kabla ya dalili.

Dalili ya kwanza ni baka. Ni sehemu ya ngozi iliyofifia rangi au kuwa nyekundu kidogo, haiwashi na haiumi. Mashilingi huwasha na huwa na magamba. Hili baka ni kavu, halitoi jasho, na mara nyingi vinyweleo vimepotea. Ukimwogesha mtoto, mgeuze umwone na mgongo na makalio, kwa sababu kitu kisichouma mtoto hatakisema. Ukiona baka la namna hiyo, sokota pamba iwe na ncha nyembamba. Gusa kwanza ngozi nzima akiona, umweleze aonyeshe kwa kidole mahali unapogusa. Kisha afumbe macho, uguse ndani ya baka. Akikosa kuonyesha, mpeleke kituo cha afya na uwaambie wazi kwamba hasikii pamba. Usitumie pini wala kijinga cha moto, kama wengine wanavyofanya. Usiseme pia kwamba kwa sababu amesikia basi mambo yameisha. Kwenye uso hasa, ganzi huchelewa kuonekana. Kwa mtu mzima angalia pia nyusi zinazonyonyoka, masikio yenye vinundu, na mikono inayofanya ganzi au kuwaka moto usiku. Mama anayesifiwa kwamba anaweza kuipua sufuria jikoni bila kitambaa, naye apimwe.

Dawa ni ya miezi 6 au 12, kulingana na wingi wa ugonjwa, na humezwa nyumbani. Baada ya siku chache tu za kuimeza mgonjwa haambukizi tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani wala kitanda. Mkojo utakuwa mwekundu kwa sababu ya rifampisini. Usiogope, si damu. Ila mkono au mguu ukianza kulegea ghafla, jicho likauma, au baka likavimba, rudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama bado unameza dawa au umeimaliza. Huo ni mwili unapigana na mabaki ya vijidudu ndani ya mshipa, na ukipewa prednisoloni mapema mshipa huweza kuokolewa. Hali hii hupenda kutokea wakati wa ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua, wakati ambapo mama huchukulia kila uchovu kuwa ni wa uzazi.

Mama mjamzito anatibiwa kwa dawa hizihizi, na anayenyonyesha pia. Klofazimini hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi, na kidogo hupita kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto naye anaweza kuongezeka weusi. Ngozi hurudia rangi yake polepole dawa ikishamalizika. Mtoto haondolewi kwa mama yake. Endelea kumnyonyesha.